Ruta ya Otari

Ghorofa ya tano, lifti mbovu,
mvua ya Kutaisi imenifuata hadi mlangoni.
Nanuli ananionyesha: iko juu ya friji,
antena moja imefungwa utepe,
taa nyekundu yapepesa kama jicho lililoingia mchanga.

"Ukiizima ukahesabu thelathini, huamka.
Jana nimehesabu hadi mia."

Nimeigusa. Ina homa.
Nikasema, mama, hii imekula chumvi nyingi.
Akanyamaza, akafuta vumbi kwa pindo la aproni,
polepole, pale marehemu alipoandika kwa wino
jina la mtandao, OTARI NA NANULI,
na nywila: tarehe ya harusi.

Sikuuliza zaidi.
Nikachomeka mpya, nyeupe, isiyo na harufu ya jiko,
nikaandika jina lilelile, nywila ileile,
yeye akinisomea bila kutazama.

Simu ikaita mfukoni mwake.
Runinga ikaitika, kisha tableti ya mjukuu chumbani;
hakuna kilichouliza mgeni huyu ni nani.

Ile kuukuu amekataa nisiichukue.
Ameizungushia waya kiunoni, akairudisha juu ya friji.

Nikishuka ngazi
nilimsikia anahesabu.