Upande wa Sukari

Baba hatii sukari ndani ya chai.
Hapa Erzurum, theluji ikifika madirishani,
bonge la sukari, gumu kama kokoto,
hubanwa kwenye magego, upande wa kushoto,
chai ya rangi ikapita juu yake,
gilasi baada ya gilasi,
tangu ujana wake wa bendera na filimbi
kwenye stesheni ya reli
hadi pensheni.

Meno yake yote yana ukoga wa chai.
Sikujali. Ukoga ni wa juu juu,
kama masizi ya sufuria: ukisugua, hutoka.
Lakini Jumapili alicheka
(jirani yetu Shukufe alisimulia kondoo
aliyepanda basi akagoma kushuka)
nikaona kitone.
Cheusi. Kimejikunyata kwenye mfereji wa gego,
upande ule ule.

"Chai hiyo," akasema.
Nikampa mswaki. Akasugua mpaka fizi zikawa nyekundu.
Chai ikapungua.
Kitone kikabaki, kinatutazama.

"Kinakuuma?"
"Hakiniumi."
"Na maji ya baridi?"
Akanyamaza. Baba akinyamaza, ameshajibu.
Ndipo nikakumbuka: mwezi mzima anatafunia kulia,
na ulimi wake unakwenda kule, unarudi, unakwenda,
kama paka kwenye mlango uliofungwa.

Na huyu ndiye mzee Zülküf
aliyetembea reli kwa miguu, kilomita kwa kilomita,
akigonga chuma kwa nyundo, akitega sikio
kusikiliza ufa usioonekana;
aliyesimamisha treni ya mizigo
kwa sababu ya mlio tu.

"Baba," nikamuuliza, "ulikuwa ukingoja reli ikatike?"

Akavaa koti.

Daktari Nurjihan hakumgombeza.
Alikausha gego kwa hewa, akapiga picha,
akatuonyesha kivuli kidogo, kama moshi ndani ya kioo.
"Kimeshatoboa gamba la jino. Kwenye neva hakijafika.
Mngengoja mpaka akeshe kwa maumivu,
leo tungezungumza mengine."
Akapekecha, akaziba.
Nusu saa, na baba ameshikilia kofia yake kifuani
kama yuko msibani.

Jioni, ganzi ilipomtoka shavuni,
akamimina chai.
Akashika bonge la sukari, akalitazama kwenye mwanga wa taa,
akalirudisha bakulini.
Kisha, mimi nikijifanya natazama theluji,
akalichukua tena,
akalibana kulia.