Kufuta Theluji

Barua ya kwanza ilianza na theluji,
ikashuka na mito, ikapita enzi za Mangi;
ukurasa wa pili, bado sijafika Kiborloni.
Mhariri akajibu: "Mlima naujua.
Nani? Kwa nini leo?"

Nikanuna siku mbili.
Chai ikapoa, bando likaisha.

Kisha nikafuta theluji. Nikamfuta Mangi.
Nikafuta hata "natumaini u mzima".

Kikabaki hiki:
Ndeonasia, muuza mitumba, huokota barua
mifukoni mwa makoti ya Ulaya.
Anazo arobaini na moja.
Jumamosi hii anaijibu ya kwanza.

Saa nne usiku simu ikatikisika mezani:
"Maneno mia nane. Jumatatu."

Nami, mwanafunzi mwepesi,
nikamrudishia neno moja:
"Malipo?"