Hodi ya Nne

Saa mbili kasorobo asubuhi, mjini Pécs,
theluji imeganda juu ya baiskeli zilizosahauliwa uani.
Bi Gizella Babos, mtunza hesabu wa kiwanda cha glavu,
anaandika jina lake, anwani yake, nywila yake,
mambo matatu tu,
kisha anakunja mikono na kungoja.

Hakuambiwa seva iko wapi.
Hata angeambiwa, angesahau kabla kahawa haijapoa.
Kazi hiyo ni ya programu.

Programu inakata anwani pale penye alama iliyojikunja,
ambayo Wahungaria huiita mnyoo,
inaweka jina la Gizella kando,
inashika kilichobaki, jina la kikoa,
na kwa jina hilo peke yake inatoka kwenda kutafuta.

Hodi ya kwanza, mlango wa mbele.
Pale ipo tovuti tu: glavu za ngozi ya mbuzi,
tangazo la punguzo la mwaka juzi.
Hapa hatuweki barua. Pita.

Hodi ya pili, jina lile lile
limetanguliziwa neno moja, kama Bi mbele ya Gizella.
Kimya. Sekunde thelathini,
ambazo kwa mashine ni msimu mzima.

Hodi ya tatu inabishwa bila kufuli wala siri,
kuuliza tu: jamani, wamehamia wapi?

Waungwana huishia hapo.
Hodi tatu, ukikosa karibu, unageuza viatu.
Programu haikulelewa na mtu. Inabisha ya nne:
inalifunua daftari la majina la mtandao,
na daftari linajibu bila haya:
wapo. Mwenyeji wao anaitwa Ottokár.

Ottokár ni mashine.
Imezimwa tangu kiwanda kiliponunuliwa,
iko ghala la chini, chini ya maboksi ya glavu za mkono wa kushoto.
Ottokár alikuwa pia mtu,
fundi aliyeipa mashine jina lake kwa mzaha,
akaugua, mashine ikabaki.

Kilomita mia na tisini kutoka hapo, huko Szeged,
Ildikó Vermes anauona mstari mwekundu kwenye kioo.
Mafundi huvikusanya vikoa vya shirika moja
na mkusanyiko huo wakauita msitu.
Msitu wa Pécs na msitu wa Szeged
iliapishwa kuaminiana mwezi wa kumi,
kwa saini, kwa vyeti, kwa keki ya jamu.
Lakini kuaminiana si kujuana njia.

Dawa yake ni mstari mmoja.
Futa Ottokár, andika jina jipya, hifadhi.
Ildikó anafuta herufi moja, anasita.
Huyu ndiye aliyemfundisha kusoma daftari hili,
akigonga kioo kwa kijiko cha chai:
usiiulize mashine imekwama wapi,
iulize ilielekezwa na nani.
Anafuta sita zilizobaki.

Bado. Madaftari ya dunia hayasahau kwa mkupuo,
kila moja lina saa yake ya kusahau.
Gizella anaenda kununua mkate wa jibini,
anarudi na unga kwenye kola.

Na hapo, bila kengele,
barua zinaanza kushuka, moja moja, kisha kwa mamia,
ankara, rambirambi, orodha za nyuzi.
Ya juu kabisa ina miaka kumi na moja.
Imetoka kwa Ottokár. Maneno sita:
Jaribio. Ukiiona hii, nimepata nyumba.

Gizella anapiga simu Szeged, si kushukuru.
Barua za zamani zimekaa juu, analalamika,
mpya ziko chini kabisa, huu ni utaratibu gani?
Nazigeuza sasa hivi, anasema Ildikó.

Simu inavuma kidogo.
Basi, anasema Gizella. Ziache hivyo.
Ziache mpaka kesho.