Shahidi wa Kioo cha Mbele

Pikapu iliyonigonga karibu na Hamza
ilikuwa na dereva mwenye mdomo mtamu.
Mimi nina kigugumizi.
Tulipofika kituo cha polisi
tayari mimi ndiye niliyemgonga,
tena, eti, nikirudi kinyumenyume
na trei zangu za mayai.

Basi nikaenda Luthuli kununua ulimi.

Nthenya, katika duka la upana wa mlango,
akanipangia kamera juu ya kaunta kama samaki:
hii inaona mbele tu,
hii mbele na nyuma,
hii hata wewe mwenyewe inakuona ndani.
Hiyo ya tatu hapana, nikasema,
na hapana ikachukua muda wake kutoka.
Akangoja. Si wote hungoja.
Akanichagulia yenye kapasita tumboni badala ya betri,
maana jua la saa nane, gari likiwa limeegeshwa Gikomba,
hufurisha betri ndogo kama andazi.
"Na kadi usinunue ya bei ya peremende.
Inaandika, inafuta, inaandika, inafuta,
siku tatu kwa zamu.
Kadi mbovu hufa kimya, nawe utadhani unalindwa."

Kilichobaki ni chakula chake.
Juma la kwanza niliilisha kwa tundu la kuwashia sigara;
nikizima gari, nayo inafumba jicho.
Asubuhi moja, Donholm, kioo cha pembeni hakipo,
na shahidi wangu hana habari.
Nikampelekea Ochola, Kirinyaga Road.
Akaunga waya kwenye fyuzi isiyolala.
Siku ya nne, saa kumi alfajiri,
trei sitini ziko nyuma,
nageuza ufunguo:
tk. tk. tk.
Gari nalo limeshikwa na kigugumizi.

Ochola alicheka hadi akaegemea boneti.
"Umeajiri mlinzi, hukumpimia uji.
Atakumalizia sufuria!"
Akafunga kidude cha ukubwa wa kiberiti:
volti zikishuka chini ya kumi na mbili nukta mbili
shahidi anaacha kula, analala njaa,
gari linabaki na nguvu ya kuamka.
Waya mweusi akaupeleka kwenye bolti ya bodi,
akakwangua rangi kwanza.
"Athi isiyogusa chuma ni porojo."

Miezi minne, ng'ombe wawili na mkokoteni.

Kisha Jumanne, Rabai Road, manyunyu,
Makokha wa bodaboda akajibamiza ubavuni mwangu.
Goti limechubuka, kioo chake vipandevipande,
na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, sikubabaika:
nilinyoosha kidole tu kuelekea kamera.
Akaitazama.
Akaokota vipande, akaniandikia nambari yake,
akaahidi kunilipa ule mbonyeo mwisho wa mwezi.

Usiku nikafungua video nijifurahishe.
Wipa. Barabara. Redio yangu ikisoma bei ya sukari.
Kila kona indiketa inasikika, tik, tik, tik,
mtoto mtiifu.
Ila pale.
Nimerudisha mara sita.
Pale pana kimya tu, kimya kisichokwama popote,
na gari linakunja,
na mikono iliyolikunja ndiyo hii.

Siku tatu kwa zamu, alisema Nthenya.
Kesho usiku kadi itajifuta yenyewe;
sitahitaji hata kunyoosha kidole.

Leo Alhamisi. Nimeketi garini, injini imezimwa.
Taa nyekundu inapepesa,
inakula betri yangu kijiko kwa kijiko.
Nimepiga ile nambari.
"Halo? Nani?"
Ni m—
Ni m—

Hakati simu.
Anangoja.