Mzinga

Kwetu neno ni moja.
Gogo lililotobolewa, likazibwa ubao, likatundikwa mtini: mzinga.
Chuma kinachotema moto: mzinga.
Bibi alipotuambia, "Mizinga ililia siku tatu,"
tulimuuliza, ipi?
Akasema, yote.

Babu yake, Semhando, alitundika kumi na minne
kule Ras Kasone, kwenye mipira ya Mdachi.
Ule wa tatu ulikuwa mkali; aliuendea usiku tu,
na hakuusogelea akiwa na hasira.

Novemba meli zikamwaga watu ufukoni,
vijana wa Bara Hindi waliotapika mwezi mzima,
wasio na kisa na mnazi hata mmoja.
Huku, kwenye mkato wa reli, askari wa kwetu
wakiilinda bendera iliyowafunza kuhesabu:
hamsa wa ishirini, matakoni.

Risasi ikaupata ule wa tatu.

Wasimuliaji hucheka hapa.
Watu wazima, na bunduki zao, wakikimbizwa na nyuki!
Bibi hakucheka. Alingoja tumalize.

Siku ya nne Semhando alisukumwa kwenda kuzika.
Alimkuta mmoja chini ya mpira, uso umevimba hata macho hayapo,
ngumi imekaza kitambaa chenye fundo.
Akakileta nyumbani, hakujua kwa nini.
Mwanamkasi, mkewe, akafungua, akanusa:
giligilani.
"Huyu alikuwa na jiko kwao," akasema,
akalifunga tena lile fundo vilevile lilivyokuwa.

Na Kilua, mdogo wake Semhando, aliyebebeshwa risasi?
Daftari lilisema masanduku arobaini yamefika.
Waliobeba hawakuwa na safu yao.
Mama yao aliacha mlango bila komeo
mpaka mchwa wakaula mlango.

Asali ya mwaka ule haikupata mnunuzi.
Ilikaa mtungini, ikaganda, ikawa nyeupe.

Mimi nina mizinga sita, Pongwe.
Nikipakua usiku, moshi mkononi, hujikuta nahesabu
nyuki waliokwama kwenye glavu.
Akichoma, hufa; huuacha mwiba na utumbo wake humo humo,
na hakuna anayemzika.

Jumamosi, sokoni Ngamiani, mteja huinua chupa juani:
"Hii ya mzinga gani?"
Wa gogo, namwambia.
Ila hunichukua muda kidogo kujibu,
naye hudhani natafuta bei.