Marejesho ya Masurufu

Kwa Mhasibu wa Chuo, Kigoma.
Naambatisha tiketi za treni, kwenda na kurudi,
risiti ya gesti nyuma ya stesheni ya Tabora
(imelowa chai, lakini tarakimu zinasomeka),
na cheti cha ushiriki kilichoandikwa Mtakuja
badala ya Ntakije.
Nimekipokea hivyo hivyo. Si nilikuja?

Siku tatu. Ukumbi wenye feni moja
inayozunguka kama mtu anayefikiri
na hafikii uamuzi.
Walimu wa biashara mia moja na kumi,
kila shingo na kamba yake ya bluu.
Asubuhi mada za utafiti, mchana warsha za ufundishaji,
katikati pilau,
na wale ambao mada zao zilikataliwa
wakitafuna polepole kuliko wengine.

Nilichagua warsha ya nne, chumba cha mwisho,
kwa sababu, sifichi, dirisha lake lilipitisha upepo.
Mwezeshaji: Dokta Kalunde Mihambo.
Zamani zile alikaa kwangu dawati la tatu.
Aliuliza mno. Nilimwambia,
nakili kwanza, utaelewa baadaye.

Akawasha projekta.
"Leo tutazame namna somo linavyozeeka."
Ukutani ikapanda karatasi ya manjano:
duka la miavuli katika mji wa ukungu,
Bwana Smith amenunua dazeni nane kwa mkopo,
onesha miamala yake kwenye leja.
Watu wakacheka. Nikacheka nao,
nusu ya kicheko,
kisha nikaiona ile herufi ya g,
mkia umepinda kushoto kama ndoana.
Ndoana ile ni yangu.
Miaka kumi na tisa nimenasa nayo watoto wa watu.

Hakunitaja. Hata jicho hakunitupia.
Aliuliza tu, nani hapa
amewahi kuona miavuli ikiuzwa kwa dazeni.
Kimya.
Mama mmoja wa Nzega akainua mkono:
"Kwetu ni karanga kwa debe,
na debe lenyewe limebonyea kitako."
"Vizuri," akasema Kalunde.
"Na huo mbonyeo mnauandika safu gani?"

Hapo, Mhasibu, nilijaza kurasa sita.

Wakati wa chai alinijia na vikombe viwili.
"Shikamoo, Mwalimu. Umekasirika?"
Marahaba, nikasema,
na neno hilo ambalo siku zote hutoka bure
safari hii nililigharamia.
Nikamwomba nafasi katika warsha ya mwakani.
Akadhani nataka kuongoza.
La. Nataka dawati la tatu.

Usiku, Urambo imepita, Kaliua imepita,
naandika kwa tochi ya simu:
Bi. Sikujua amenunua mawese Simbo, madumu arobaini.
Matatu yamevuja kabla ya kufika Mwanga.
Mnunuzi wa Katonga amelipa nusu kwa dagaa,
na dagaa wenyewe hawajakauka.
Andaa leja.
Mpaka Uvinza sikuwa na jibu.
Swali langu mwenyewe,
na nyuma ya daftari hakuna majibu.

Sasa fomu yako. Kipengele cha saba, mstari mmoja:
Faida iliyopatikana kwa chuo.
Wewe na mimi tulikariri kanuni ileile:
fedha ya kumfunza mtu haiingii kwenye mali,
maana mtu hamilikiwi, kesho aweza kuondoka.
Iandikwe gharama, hesabu ifungwe, mwaka uishe.
Kanuni ni sahihi. Jumatatu nitaifundisha tena,
ila nitasita kidogo baada ya neno hamilikiwi.

Kwenye mstari wako nimeandika: Mbonyeo wa debe.
Ukitaka maelezo, njoo darasani.

Karatasi ya manjano naifuta vitabuni,
uchakavu wa miaka kumi na tisa, thamani sifuri;
naomba saini yako.

Bakaa: shilingi elfu nne na mia mbili, nairudisha taslimu.
Upungufu: kalamu moja, mali ya chuo,
iliyoishiwa wino Kazuramimba.