Safu ya Goti

Tuire ameyapanga mezani magari mawili ya mizigo
kwa penseli: ujazo, mafuta, bei ya matairi ya theluji.
La umeme linashinda kwa senti,
ingawa betri yake huzizima
Januari ikiingia Tampere.

Ilpo hasomi. Yuko uani,
anapanda, anashuka,
anapanda, anashuka,
kreti tupu ya mikate kifuani,
theluji ikimhesabia nyayo.

"La umeme," asema mlangoni, "kidato chake
kimelizidi lile shubiri nzima.
Na mimi kwa siku nashuka mara mia mbili."

Magari kumi na manne ya kununua.
Magoti ishirini na manane.

Tuire anachonga penseli,
anapiga mstari kando ya bei,
anaandika juu yake: goti.
Halafu anafuta jumla.